Nani Mtunzi wa Nyumba ya Mawe? Kusoma Ukuta Mmoja wa Milima ya Upare

UTANGULIZI

Likizo iliyopita nilipanda nyumbani, Pare ya Kusini, wilayani Same, nikakuta kikao cha ukoo kimeitishwa. Ajenda ilikuwa moja tu: nyumba ya mawe ya marehemu babu ibomolewe au isibomolewe. Ukuta wake wa upande wa bondeni umepata ufa, na baba mdogo, ambaye ndiye anayeishi humo pamoja na bibi, amekwisha kununua mifuko kadhaa ya saruji. Anataka mawe ya kuta hizo yaingie kwenye msingi wa nyumba mpya ya matofali. Katika mabishano, mzee mmoja alitamka maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Alisema: "Kwani hii ni nyumba yetu? Hii ni nyumba ya Kijerumani. Wenyewe walikwishaondoka zamani, sisi tunailinda ya nini?"

Sasa, nyumba ile haikujengwa na Mjerumani. Ilijengwa na babu mwaka 1956, na mwaka huo umechongwa kwenye jiwe la juu ya mlango. Utawala wa Wajerumani ulikwisha katika milima yetu tangu 1916, majeshi ya Waingereza yaliposhuka kando ya milima hii kuelekea kusini. Imekuwaje basi nyumba iliyojengwa na Mpare, kwa mawe ya Upare, wakati wa Mwingereza, iitwe ya Kijerumani? Hilo ni swali la historia. Lakini sisi tunaosoma fasihi tutalitambua mara moja kuwa ni swali letu pia: nani mtunzi?

Makala haya yanakusudia kuisoma nyumba hiyo kama tunavyosoma kazi ya fasihi. Najua wapo watakaosema kuwa nyumba si fasihi, na kwamba mwandishi amekosa riwaya ya kuhakiki. Nakubali kuwa nyumba si riwaya. Hata hivyo vyombo vyetu vya kazi, yaani fani, maudhui, mtunzi na hadhira, havikutengenezwa kwa ajili ya karatasi peke yake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hebu tufungue.

JIWE KABLA YA MISHENI

Watu wengi, hata wenyeji, wanaamini kuwa kazi ya mawe katika milima ya Upare ilianza na wamisionari. Ukitazama makazi tu utaona kama ni kweli. Nyumba ya zamani ya Mpare ilikuwa ya miti na nyasi, ya msonge, yenye moto wa jikoni ambao moshi wake ulikausha mahindi darini na kuwafukuza wadudu waharibifu. Nyasi zilipochoka zilibadilishwa. Hakuna aliyeona haja ya kulala ndani ya jiwe.

Lakini tukiacha makazi tukatazama maji, picha inabadilika. Mji wa Same uko upande mkavu wa milima. Mawingu yanayotoka baharini huangusha mvua yao upande wa mashariki na juu kileleni, kwenye msitu unaozunguka Shengena, kilele chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400. Upande wa magharibi hupata masalio. Kwa hiyo mababu waliokaa upande huo walilazimika kubuni njia ya kuyatunza maji machache yanayoshuka, na njia hiyo ndiyo ndiva.

Kwa msomaji wa pwani au wa Kanda ya Ziwa ambaye hajaiona, ndiva ni bwawa dogo la kijiji, lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo kwenye mteremko. Mfereji unatoa maji kwenye kijito na kuyaingiza humo usiku kucha. Tundu la kutolea maji huzibwa jioni. Asubuhi huzibuliwa, na maji yaliyojaa yanakwenda mashambani kwa nguvu na kwa zamu. Kijito ambacho mchana kingekauka njiani kabla ya kufika shamba la pili, kikikusanywa usiku kinanywesha mashamba kadhaa. Ni hesabu rahisi, lakini inategemea ukuta usiovuja na usiobomoka kwa uzito wa maji.

Ukuta huo haujengwi na mtu mmoja. Hujengwa na kukarabatiwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ambapo kila kaya hutoa mtu. Kila mwaka tope huzolewa, mawe yaliyoteleza hurudishwa, mfereji husafishwa. Mwaka ambao msaragambo haukufanyika ndiva hujaa tope, na mwaka wa pili au wa tatu inakuwa kichaka. Kwa maneno mengine, watu wetu walikuwa na elimu ya kupanga mawe kabla mtu yeyote hajawaletea timazi. Tukumbuke pia kuwa hawa ni watu ambao ndugu zao wa Ugweno, Pare ya Kaskazini, walifua chuma kilichouzwa hadi Uchagani. Profesa Isaria Kimambo alipoandika historia ya siasa ya Wapare hadi mwaka 1900, katika kitabu kilichotoka 1969, alitegemea sana masimulizi ya wazee, kwa sababu hakukuwa na maandishi ya wenyeji ya kipindi hicho. Mimi naongeza kuwa hata kuta za ndiva ni kumbukumbu, ingawa haziwezi kuhojiwa kwa maneno.

MISHENI, RELI NA BATI

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianzisha kituo Shigatini, Pare ya Kaskazini, mwaka 1900. Waadventista wa Sabato wakaja Pare ya Kusini mwaka 1903, wakaanzia Giti, Mamba. Huko Mbaga aliishi Mlutheri Jakob Dannholz, ambaye mwaka 1916 alichapishiwa huko Leipzig kitabu chake kuhusu imani za Waasu. Hadi leo watalii wanaopanda Mbaga huonyeshwa mahali alipoishi. Wengine hurudi wakisimulia nyumba ya Mzungu juu ya mlima. Sijasikia wanaorudi wakisimulia waliobeba mawe yake.

Vituo hivi ndivyo vilivyoleta milimani umbo jipya la nyumba: pembe nne, kuta nene, madirisha ya mbao, baraza mbele, na paa la bati. Reli nayo ilikuwa inapanda kutoka Tanga. Ilifika Mombo 1905, Buiko 1909, na Moshi 1911, ikipita tambarare chini ya milima yetu. Baada ya hapo bati na misumari viliweza kufika miguuni pa mlima kwa treni. Kutoka hapo kwenda juu, safari ilikuwa ya vichwa na mabega ya watu.

Baba yake babu alikuwa mmoja wa vijana hao. Alibeba mawe na bati, na baadaye akawekwa kuwapa mafundi mawe ukutani. Katika ukoo wetu inasimuliwa kuwa alikuwa na kipaji cha kuligeuza jiwe mara moja tu mkononi na kujua upande upi utakaa chini. Kipaji hicho hakukipata misheni. Alikwenda nacho, kwa sababu ukoo wake ulikuwa na ndiva na yeye alikulia kwenye msaragambo. Misheni ilimwongezea timazi, kamba na pembe mraba. Haya ndiyo aliyomrithisha babu, elimu mbili katika mkono mmoja.

Kabla sijaingia kwenye nyumba yenyewe, kuna jambo moja la siasa. Mwezi Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi makao ya wilaya, Same, kupinga kodi mpya iliyoitwa mbiru. Ilikuwa kodi ya kukadiria: wakadiriaji wanatazama mali ya mtu, kisha wanampangia kiwango. Watu walikataa kukadiriwa kwa macho, na baada ya mapambano ya muda mrefu, ambayo wanawake nao walishiriki, kodi hiyo ikafutwa. Babu alikuwa na miaka kama 17 na aliteremka pamoja na baba yake. Miaka 11 baadaye kijana huyo huyo alijenga nyumba ya mawe inayoonekana toka ng'ambo ya bonde. Nadhani hatuwezi kuyatenga mambo haya mawili. Mtu wa kizazi kilichoficha mali yake isikadiriwe aliamua sasa kuiweka juu ya kilima, hadharani. TANU ilikuwa imezaliwa 1954. Hewa ilikuwa imebadilika.

FANI YA NYUMBA

Nyumba ina vyumba vinne na baraza linalotazama bondeni. Kenchi ni za mkulo, mti wa misitu ya juu. Mawe ni yale yale yanayotapakaa milimani kwetu, magumu, yenye mistari myeupe na myeusi, ambayo ukiyagonga kwa kufuata mstari yanapasuka bapa. Kilichoshikanisha mawe ni udongo mwekundu. Chokaa ipo kidogo tu, kwenye maungio ya nje, ili mvua isiuoshe udongo. Saruji haikutumika. Ikumbukwe kuwa kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza uzalishaji mwaka 1966, miaka kumi baadaye. Ya 1956 ilitoka ng'ambo na bei yake haikuwa ya mkulima wa kahawa wa mlimani.

Ukuta ukiutazama pale ulipopata ufa, unaona mambo ambayo kwa kawaida hayaonekani. Si ukuta mmoja. Ni sura mbili za mawe makubwa, ya nje na ya ndani, na katikati zimejazwa kokoto na udongo. Kila baada ya hatua kama moja na nusu kuna jiwe refu linalopita kutoka sura ya nje hadi ya ndani. Mawe haya marefu ndiyo yanayozifunga sura mbili zisiachane. Pale ambapo ufa umetokea, jiwe la kufunga limevunjika.

Nilichukua tepu nikapima unene. Chini, juu kidogo ya msingi, ni sentimita 63. Juu, chini ya bati, ni sentimita 47. Nikadhani nimekosea, nikarudia pande zote nne. Ni hivyo hivyo. Upande wa ndani ukuta umesimama wima kwa timazi, lakini wa nje umelala kidogo kuelekea ndani kadiri unavyopanda. Nikamfuata bibi, ambaye sasa anakaribia miaka tisini, nikamuuliza kwa nini babu alijenga hivyo. Bibi akacheka.

"Mjukuu wangu, babu yako aliijua ndiva kabla ya kuijua nyumba. Akajenga ndiva, akaiezeka bati."

Naomba msomaji akae na sentensi hiyo kidogo. Nimehudhuria semina nyingi za uhakiki, na sijasikia hukumu ya kifani iliyo fupi na kamili kama hiyo. Ukuta wa ndiva ni mpana chini na mwembamba juu, kwa sababu unabeba mzigo wa maji. Babu alichukua mantiki ile ile akaiweka kwenye nyumba iliyojengwa ukingoni mwa mteremko. Umbo la pembe nne alilichukua misheni. Jinsi ukuta unavyosimama alikuja nayo kutoka kwao.

Mhakiki makini ataniuliza: una uhakika gani? Waashi wa mawe duniani kote hupunguza ukuta kadiri unavyopanda. Hata katika mashamba ya Uingereza kuna kuta za mawe makavu zenye sura mbili, mawe ya kufunga, na mlalo wa namna hiyo hiyo. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba sidai Wapare walivumbua peke yao. Jiwe lina tabia zake, na popote mtu anapolishika kwa miaka mingi litamfundisha mambo yanayofanana. Ninachokataa ni ile hadithi kwamba mwashi wa Kipare alikwenda misheni mikono mitupu. Mkulima wa Uingereza akipanga ukuta wake tunasema ni ujuzi wa jadi. Mpare akipanga wa kwake tunauliza nani alimfundisha.

Hadithi hiyo ina ndugu wakubwa. Zimbabwe Kuu, mji wa mawe wa Washona, ilinasibishwa na Wafoinike, na Malkia wa Sheba, na kila mtu isipokuwa Waafrika, hadi wanaakiolojia, hasa Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walipothibitisha kuwa ni kazi ya wenyeji. Kilwa nayo, kwa muda mrefu majengo yake ya mawe ya matumbawe yalisimuliwa kama zawadi ya wageni kwa pwani. Nyumba ya babu ni ndogo mno kusimama karibu na majina hayo, lakini lile neno "ya Kijerumani" limetoka kwenye mfuko ule ule.

MAUDHUI: NANI ANASEMA NDANI YA UKUTA?

Sote tumefundishwa ule mfano wa kikombe na chai, kisha tukafundishwa kuukosoa na kuupokea ule wa pande mbili za sarafu. Nyumba hii inaunga mkono sarafu. Huwezi kuyamimina maudhui yake ukabaki na kuta.

Nilipokuwa nazidi kumsifu babu, bibi alinikatiza. "Mbona unaandika babu tu? Mchanga wa chokaa umetoka korongoni. Nani aliubeba? Mimi na mawifi zangu. Maji ya kukandia udongo nani aliyachota? Nilikuwa na mimba ya baba yako mkubwa." Nilinyamaza. Kwenye jiwe la mlangoni kuna mwaka. Hakuna jina la babu wala la bibi. Mimi mwenyewe, ninayewalaumu watu kwa kumpa Mjerumani kazi ya babu, nilikuwa tayari nimempa babu kazi ya bibi. Basi jibu la swali langu la utunzi lazima liwe la wingi. Nyumba hii ina watunzi kama ngano ilivyo na watunzi.

Na hapo ndipo nilipouelewa ufa. Nyuma ya nyumba kuna mtaro wa kupitisha maji ya mvua yasiingie kwenye msingi. Babu aliuzibua kila mwaka kabla ya vuli, na watoto wote wa nyumba walishika jembe, kama msaragambo mdogo. Alipofariki mtaro ukajaa. Maji yakaanza kusimama, udongo ndani ya ukuta ukalowa, mawe yakateleza, jiwe la kufunga likavunjika. Tunasema nyumba ya mawe ni ya kudumu na ya nyasi ni ya muda. Si kweli. Zote mbili zinaishi kwa kurudiwa, kama utendi unaoishi kwa kughanwa. Msonge ulidai nyasi mpya. Nyumba ya mawe ilidai jembe mara moja kwa mwaka. Sisi tuliifanya kama kitabu kilichokwisha kuchapwa, tukaiacha rafuni.

Hapa sina budi kumpa baba mdogo nafasi yake, maana si haki kumhukumu mtu kwenye gazeti ambalo halisomi. Aliniambia: "Mwanangu, wewe unalala chuoni. Mvua ikinyesha usiku, mimi ndiye ninayesikiliza huo ukuta." Novemba 2009 maporomoko ya udongo yaliua watu upande wa Mamba Miamba, hapa hapa wilayani Same, na hakuna mtu wa milimani anayechezea mteremko uliolowa. Akaendelea: "Mtaro unaousema, wewe umeuzibua lini?" Jibu ni kwamba sijawahi.

SHERIA NA MWAKA 1863

Nilifikiri Serikali inaweza kutusaidia, nikaisoma Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979. Jengo linahesabiwa moja kwa moja kuwa la kale iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa majengo ya baadaye, waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza ulinzi kwa kila moja. Kwa mstari huo wa 1863, hakuna hata nyumba moja ya misheni Upareni inayopita, kwani ya kwanza kabisa ni ya 1900. Ya babu ndiyo kabisa. Na ndiva, ambazo nyingine huenda zingepita, hazina jiwe lililochongwa mwaka.

Kule Uingereza, tangu sheria ya mipango miji na vijiji ya 1947, majengo huorodheshwa, hata nyumba ya kawaida ya mkulima kijijini, na mwenye nyumba iliyoorodheshwa habomoi bila kibali. Sisemi tuige. Mtu maskini akizuiwa kubomoa nyumba yenye ufa bila kupewa fedha ya kuutengeneza, amefungwa ndani ya historia. Ninachosema ni kuwa mstari wa 1863 unatufundisha, bila kukusudia, kwamba historia ya jengo ni ya masultani na ngome za pwani. Mkulima wa kahawa wa 1956 hana mahali pa kusimama katika mstari huo.

HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa nyumba inayoitwa ya Kijerumani ina umbo la misheni na uti wa mgongo wa ndiva, na kwamba watunzi wake ni wengi, wakiwamo wanawake ambao hata mimi niliwasahau. Jina la mtunzi si jambo la sifa tu. Kitu kinachosemwa kuwa si chako ni rahisi kukibomoa, na ni rahisi zaidi kuacha kuzibua mtaro wake.

Kikao kiliahirishwa. Tulikubaliana jambo moja: fundi wa mawe aje auone ufa kabla ya mtu yeyote kushika nyundo. Tukaanza kumtafuta. Wapo mafundi wengi wazuri wa matofali, lakini wa mawe na udongo tulielekezwa kwa mmoja tu, mzee, kijiji cha tatu kutoka kwetu, na tulipofika tulimkuta macho yamefifia. Alisema atakuja, ila atahitaji kijana wa kumtajia anachokiona na kumpa jiwe mkononi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo tunaichambua darasani kila mwaka kama tamathali. Ombi langu kwa wanafunzi wenzangu ni hili: likizo ijayo, ukifika kwenu, pima ukuta mmoja, muulize bibi yako nani alibeba mchanga, uandike jibu lake kama alivyolitamka. Mimi nitakuwa Upareni. Nimekwisha mwahidi baba mdogo kuwa mtaro nitauzibua mwenyewe kabla ya vuli, hata kama mwishowe nyumba itabomolewa.